Mashine Iliyosikia Vijiko

Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Hawakuwahi kufika kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Wangefika, wangeongeza kwamba aibu ya walio hai aijuaye ni dobi. Wagonjwa kule juu hutazamwa usoni na kuulizwa wameamkaje. Huku chini, kwenye jengo refu la nyuma lenye mabomba yanayovuja mvuke, walijulikana kwa kile walichokiacha kwenye shuka.

Mwanamke aliyesimama kwenye meza ya kuchambulia aliweza kuitambua wodi kwa pua kabla ya kutazama alama ya furushi. Wodi ya watoto ilinuka maziwa yaliyochacha. Ya wanaume ilinuka jasho na mkojo. Ya upasuaji haikuwa na harufu moja. Ilikuwa nazo zote, na juu yake dawa ya kuulia vijidudu, kama mtu aliyejipulizia manukato badala ya kuoga.

Jina lake la kazini lilikuwa Shangazi. Aliyeanza kumwita hivyo ni binti wa kaka yake, aliyefanya kazi upande wa pili wa meza ileile, kisha jengo zima likaliazima jina bila kuomba. Hata msimamizi, aliyemzidi umri, alimwita Shangazi. Hakujali. Ukishazoea kushika uchafu wa watu usiowajua, kuitwa shangazi na watu wasio wa ukoo wako si kitu.

Kazi yenyewe haikuhitaji maelezo marefu. Furushi linafika na kigari cha chuma, limefungwa fundo. Fundo linafunguliwa, mikono inaingia. Nyeupe kulia, za rangi kushoto, zenye damu kwenye beseni la maji baridi, maana damu ikishakutana na maji ya moto haitoki tena. Na humo ndani mikono hukutana na mambo. Pamba zilizoloa. Bandeji zilizokauka zikawa ngumu kama ganda la mti. Meno ya bandia. Mabaki ya chakula cha jana yaliyofunikwa kwa haraka muuguzi alipopita. Siku moja glavu iliyofungwa kwa fundo, imejaa kitu ambacho hakuna aliyetaka kukijua.

Na sindano.

Hizo ndizo zilizomtia kinyaa kuliko vyote. Kinyesi hakina nia mbaya. Mgonjwa hakukusudia, mwili ulimshinda. Lakini sindano iliachwa na mtu mzima, mwenye akili timamu, aliyekunywa chai yake asubuhi. Aliishika, akaitumia, akaona ndoo ya kutupia sindano iko ng'ambo ya chumba, akakunja shuka juu yake na kwenda zake. Shangazi alipomwazia mtu huyo, hakumwazia kwa hasira. Alimwazia kama unavyowaza nywele ndani ya mchuzi.

Kila walipoipata sindano, waliishika kwa koleo na kuitupa ndani ya kopo la rangi lililokuwa pembeni mwa meza. Mara mbili alilipandisha kopo hilo wodini. Mara zote mbili aliambiwa kwamba lazima zimetoka wodi nyingine.

Kisha moja ikamchoma binti.

Iliingia kwenye nyama ya kidole gumba, ikapita glavu kama vile glavu ilikuwa utando wa maziwa. Binti hakupiga kelele. Alitoa mkono, akautazama, akasema kwa sauti ndogo, "Shangazi, imeniingia." Aliosha, akaminya, akapelekwa juu. Alirudi na vidonge, na amri ya kurudi kupimwa, na kurudi tena, maana damu nayo haisemi kila kitu siku moja. Vidonge vilimtapisha. Alikaa nyumbani kwa Shangazi, alikokuwa akiishi tangu kaka mtu afariki, akitazama ukuta, kidole gumba amekificha ndani ya ngumi kama mtoto.

"Nafasi yako ipo," Shangazi alimwambia. "Msimamizi amesema anakusubiri kidogo."

"Mimi sikatai kazi, Shangazi. Nakataa kuingiza mkono nisikokuona."

"Sote tunaingiza."

"Ndiyo maana nakataa."

Shangazi alihitaji jibu la kumrudisha, kwa sababu meza ile ilikuwa meza ya watu wawili, na tangu binti aondoke, upande wa pili palisimama tu mvuke. Pale ndipo walipocheka vichekesho vyao vibaya, pale ndipo binti alipomwigiza msimamizi anavyopita akiwa ameziba pua kwa leso iliyopigwa pasi. Kazi ya kinyaa ukiifanya na mwenzio ni kazi. Ukiifanya peke yako ni adhabu.

Aliyeleta wazo la mashine alikuwa mumewe, fundi redio, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, mkewe akiwa miongoni mwao.

"Zipo mashine za kutafuta chuma," Fundi alisema, wamekaa barazani. "Watu wanazitembeza juu ya ardhi kutafuta hela za kale. Zinauzwa zikiwa vipande kwenye boksi, unajiunganishia mwenyewe. Unapitisha juu ya furushi. Kukiwa na chuma inalia. Mimi niliyefufua redio za mtaa huu nitashindwa na hiyo?"

"Redio ya jirani uliifufua ikawa inashika stesheni moja."

"Lakini inaishika vizuri!"

Binti alicheka. Kicheko kidogo, cha puani, lakini kilikuwa cha kwanza tangu achomwe. Kisha akamgeukia shangazi yake, akasema kama anayeweka masharti ya mahari, "Mkitengeneza mashine inayosikia sindano, narudi mezani. Isiposikia, sirudi."

Shangazi akaenda kwa msimamizi akiwa amejiandaa kukataliwa. Msimamizi walimwita nyuma ya mgongo wake Kola, kwa ajili ya kola yake nyeupe iliyosimama wima hata ndani ya mvuke. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ulikuwa wa kukataa. Alikuwa amekataa glavu nene kwa upole, akakataa vichanja vya waya vya kuchambulia kwa upole. Lakini safari hii hakumwacha amalize.

"Na mikasi itasikia?"

"Itasikia chuma chochote, Bosi. Ndivyo anavyosema Fundi."

"Lete karatasi nisaini."

Alitoka ofisini amepigwa na butwaa. Mtu huyu aliyeuliza maswali juu ya kila kipande cha sabuni! Lakini ukipewa kitu ulichokiomba hukai ukakinusa. Alikwenda zake.

Boksi lilifunguliwa siku yake ya mapumziko, mchana, kwenye meza ya chakula karibu na dirisha. Ndani kulikuwa na kibao cha kijani chenye matundu, kimfuko cha vidude vyenye mistari ya rangi, spika ndogo kama kifuniko cha chupa, waya wa shaba mwembamba kama unywele uliozungushwa kwenye kigurudumu, na karatasi ya michoro iliyochapwa kwa maandishi madogo ya kumwonea mtu. Macho ya Fundi yalikuwa yameanza kumwasi. Shangazi ndiye aliyesoma rangi.

"Kahawia, nyeusi, nyekundu."

"Hiyo inakaa hapa."

"Kahawia, nyeusi, njano."

"Una hakika ni njano? Isije ikawa ya chungwa."

"Fundi, mimi nachambua nguo. Rangi nazijua."

Fundi alilehemu kimoja baada ya kingine. Risasi iliyeyuka ikatoa moshi mwembamba, na Shangazi akauvuta kwa raha asiyoitegemea. Ilikuwa harufu kali lakini safi. Harufu isiyo na mtu ndani yake. Binti alishika kigurudumu, Shangazi akazungusha waya kwenye bakuli la plastiki, mzunguko juu ya mzunguko, wakihesabu pamoja na kukosea pamoja, mpaka ukawa duara nono, wakalivua na kulifunga kwa utepe.

"Sikilizeni," Fundi alisema, kama mwalimu aliyepata darasa baada ya miaka. "Ndani ya hiki kibao mnapigwa milio miwili, inaenda sambamba kama mapacha. Mmoja unakaa hapa, mwingine unapita kwenye hili duara. Ikienda sawa, kimya. Chuma kikikaribia duara, pacha mmoja anapotea njia. Ugomvi wao ndio kelele mtakayoisikia."

Aliunganisha betri. Mashine ikapiga yowe mpaka kuku wa jirani wakaitikia.

"Imeshachoka na sisi," binti alisema.

Fundi alikagua kila kiungo jasho likimtoka, hadi Shangazi alipoinama chini ya meza na kumwonyesha misumari. Wakahamia kwenye godoro la sponji. Akazungusha kitufe taratibu, yowe likashuka, likawa mngurumo, likawa kimya. Ndipo wakaanza kuijaribu. Kijiko: ililia kikiwa bado mbali, karibu upana wa kiganja. Ufunguo wa mlango: ikalia. Sarafu: ikalia kwa adabu. Pini ya nguo: ikatoa mlio mwembamba duara lilipokaribia.

"Sasa sindano," Fundi alisema. "Kesho niletee moja ya huko kazini."

Shangazi alimtazama kana kwamba ameambiwa alete kichwa cha mtu. Nyumba ile ilikuwa na sheria zake. Alipotoka kazini hakupitia mlango wa mbele. Alizunguka uani, akavua kila kitu, akajisugua mikono kwa brashi ya kufulia mpaka kwenye viwiko, na bado alikula kila chakula kwa kijiko, hata kile ambacho watu wote hula kwa mkono, kwa sababu hakuweza kuupeleka mkono wake mwenyewe mdomoni. Hakuna kilichovuka kutoka kule kuja huku. Hata hadithi za kule alizivulia uani.

"Nyumbani kwangu? Mahali tunapolala?"

"Ndani ya chupa, mama. Nitaishika kwa koleo."

"Hata ndani ya kaburi. Haiingii hapa. Ukiileta wewe, nahama mimi."

"Haya, haya. Yaishe." Fundi alifungua kopo lake la kushonea, akatoa sindano ya cherehani, akaipitisha chini ya duara. Alipoigusisha kabisa, ikasikika: mlio mdogo kama wa mbu, lakini mlio. "Si hii hapa? Sindano ni sindano."

"Sindano ni sindano," binti alirudia, na usiku ule alikula chakula na hakukitapika.

Kola aliagiza meza mpya ya mbao, iliyounganishwa kwa gundi bila msumari. Siku ya kuizindua mashine, jengo zima lilisimamisha kazi. Wanaume wa mashine za kufulia walikuja na mikono iliyoloa, wanawake wa pasi wakaja wakijipepea. Fundi alikuja amevaa koti lake la harusi. Binti naye alikuja, amesimama nyuma kabisa karibu na mlango, kidole gumba ndani ya ngumi.

Fundi alificha kijiko katikati ya furushi la shuka safi, akapitisha duara juu yake. Mashine ikaimba. Watu wakapiga makofi. Akaficha mkasi, ikaimba zaidi, na Kola akapiga makofi peke yake baada ya wengine kunyamaza. Akaficha pini. Ikaimba.

"Huyu hata mawazo ya chuma atayasikia," mmoja wa wanaume alisema. "Mke wangu asijue ipo. Atanipitishia mifukoni."

"Kwako itanyamaza tu," mwanamke wa pasi akamjibu. "Mfukoni mwako hakujawahi kuingia chuma."

Walicheka. Katikati ya kicheko Shangazi alimwona binti akisogea mbele. Alipita kati ya watu, akafika mezani, akachukua glavu zake kwenye msumari wa ukutani, zile zile za zamani, akazipuliza kidogo ili zifunguke vidole. Alikuwa anatabasamu. Alisimama mahali pake.

Hapo ndipo Shangazi alipolitazama kopo la rangi.

Hakuna aliyekuwa akimtazama. Makofi yalikuwa yamepigwa, mume wake alikuwa anapokea mikono ya watu kama bwana harusi, mahali palipokuwa na mvuke palikuwa na mtu. Angeweza kunyamaza. Sindano ni sindano. Huenda ingesikika. Lakini alijua kwa nini hawakuijaribu ile yenyewe, na sababu hiyo ilimpanda kooni kama nyongo: walijaribu vitu safi. Kijiko cha kulia, ufunguo wa nyumba, sindano ya kushonea gauni. Walichagua vyuma wanavyoweza kuvishika bila kusisimka mwili. Yeye ndiye aliyechagua. Aliilinda nyumba yake na uchafu, na uchafu ndio pekee waliotakiwa kuujaribu.

"Fundi," alisema. "Ngoja."

Alichukua koleo. Alifungua kopo. Harufu haikuwa kubwa, lakini aliijua, ya damu ya zamani na plastiki, na mate yakamjaa mdomoni. Zilikuwa zimelaliana humo ndani kama minyoo, nyingine na vishikio vyake vya rangi, nyingine zimepinda. Alichomoa moja nyembamba, yenye doa jeusi shingoni. Watu wa mbele walirudi nyuma. Mwanamke wa pasi alijifunika mdomo.

Aliikata kwa ncha ya koleo ili ibaki chuma chake kitupu, akaiweka juu ya shuka safi, akaikunjia shuka juu yake mara moja tu.

"Ipitishe."

Fundi alipitisha duara. Kimya.

"Shusha."

Alishusha mpaka duara likagusa nguo. Kimya. Alizungusha kitufe, mashine ikanguruma, akairudisha kwenye kimya chake, akapitisha tena. Nje, bomba lilikuwa linapuliza mvuke. Alipitisha kwa kushoto, kwa kulia, kwa kuzunguka, kama mtu anayempangusa mgonjwa paji la uso. Mashine haikusema neno. Mtu mmoja akaweka kijiko pembeni, labda kwa kumhurumia, na mashine ikalia kwa furaha.

Fundi alitoa mfukoni sumaku ya spika kuukuu aliyozoea kuokotea skrubu. Akaikaribisha kwenye sindano. Sindano haikutikisika.

"Si chuma kile," alisema taratibu. Aliongea na mkewe tu. "Ile ya cherehani sumaku inaishika. Hii haishikwi. Ni chuma cha aina nyingine, kisichoshika kutu. Na ni chembamba mno, tena ndani kitupu. Pacha hapotei njia kwa kitu kama hiki." Akairudisha sumaku mfukoni. "Ungeniletea moja tu."

"Najua."

"Moja tu, mama."

"Nimesema najua."

Alimwona jinsi koti lilivyomlegea mabegani, akamwonea huruma, na huruma yenyewe ikamtia kinyaa, kwa maana aliyestahili kuhurumiwa alikuwa amesimama ng'ambo ya meza na glavu moja imevaliwa nusu.

Kola alikohoa. "Si neno," alisema kwa upole wake. "Si neno, jamani. Kazi ya mikono haipotei. Mikasi imesikika vizuri sana."

"Tatizo halikuwa mikasi, Bosi."

"Kwenu, sawa. Lakini mnajua tumbo la ile mashine kubwa ya kufulia lilitobolewa na mkasi? Mnajua tumeisubiri muda gani? Mkasi mmoja tu! Hii mashine itatuokoa. Tutaendelea nayo." Akawageukia watu. "Haya, turudi kazini. Na wewe binti, karibu tena. Kidogo kidogo, uangalifu uleule, na sasa kuna msaada."

Shangazi alimtazama mtu huyu msafi. Basi ndiyo maana alisaini. Mkono wa mtu ulitobolewa, akaleta maneno matamu. Tumbo la mashine likatobolewa, akaleta fundi. Hakumwona kuwa katili. Katili angekuwa afadhali. Katili ana damu. Huyu alikuwa kama sabuni ya hospitali, inayonukia na haitoi doa.

Binti alivua ile nusu ya glavu. Aliivua taratibu, akianzia kwenye kifundo, kama walivyofundishwa, bila kugusa upande wa nje. Akaziweka zote mbili mezani.

"Shangazi," alisema. "Ungekaa kimya ningerudi."

"Ndiyo."

"Ningekuwa nimeshaingiza mkono sasa hivi."

"Ndiyo, mwanangu."

Binti alitikisa kichwa, si kwa kukataa wala kukubali. Alizunguka meza, akamkumbatia shangazi yake kwa mbele kabisa, bila kujali aproni chafu, kitu ambacho hawakuwahi kufanya humu ndani hata siku moja. Shangazi aliinua mikono yake juu, mbali, ili isimguse. Kisha binti akamshika Fundi kiwiko, akamwambia, "Twende, Mzee, chai imepoa," na wakatoka wote wawili kwa mlango wa yadi. Hakugeuka nyuma. Shangazi alishukuru kwamba hakugeuka, akabaki na ladha ya nyongo na kitu kingine kilichofanana kidogo na usafi.

Jengo lilirudi kwenye kelele zake. Mashine ya kutafuta chuma ilining'inizwa kwa kamba juu ya meza. Kigari kilisukumwa, mafurushi yakateremshwa, juu la wodi ya watoto, na chini yake yale ya upasuaji, yameloa mpaka yanadondoka.

Shangazi hakufungua fundo. Alisimama.

Kola alirudi, maana kengele ya wodi ilikuwa imelia mara ya pili. "Shangazi, wanasubiri shuka huko juu."

"Meza hii ni ya watu wawili, Bosi."

"Lakini siku hizi zote umechambua peke yako."

"Nilikuwa naingiza mikono. Sasa siingizi tena. Kuna njia nyingine. Fundo linafunguliwa, watu wawili wanashika ncha za shuka, kila mtu kwake, wanainua taratibu, wanakung'uta. Kilichomo kinaanguka mezani, tunakiona kwa macho. Moja baada ya moja. Peke yangu siwezi."

"Hiyo itachukua siku nzima!"

"Itachukua."

"Nitakutafutia mtu."

"Mtafute. Akija nitamwonyesha kijiko kwanza, halafu nitamwonyesha sindano. Akibaki, tutafanya kazi."

Kola aliwatazama wanaume wa mashine. Wote walikuwa wamepata ghafla kitu cha kutengeneza. Wanawake wa pasi walipiga pasi kwa bidii isiyo ya kawaida, na walikuwa hawana shuka za kupiga pasi. Kengele ya wodi ikalia tena.

"Mpaka huyo mtu apatikane, tunafanyaje?" aliuliza.

Shangazi alizisukuma glavu za binti mpaka upande wake wa meza.

Ilimchukua Kola muda. Alikunja mikono ya shati mikunjo midogo, sawasawa, kama anayekunja karatasi. Alitafuta leso yake, akagundua kwamba mtu mwenye glavu hawezi kushika leso. Akazivaa glavu, akasogea, akasimama pale penye mvuke. Shangazi alifungua fundo. Harufu ikapanda yote mara moja, ya maziwa yaliyochacha na haja ya mtoto na kitu kitamu kilichooza, na Kola akajikunja kiunoni, akatapika mate matupu kwenye ndoo ya maji machafu. Alipoinuka, macho yake yalikuwa yanatiririka na kola ilikuwa imelala upande mmoja.

Shangazi alikuwa amedhani atafurahi. Kwa siku nyingi alikuwa ameichora picha hii kichwani na kuilamba kama sukari. Sasa ilikuwa mbele yake na haikuwa na utamu wowote. Ilikuwa tu mtu mwingine anayesikia kichefuchefu.

"Usiingize vidole," alimwambia. "Shika pindo. Hapo. Usivute, inua."

"Mnanusa hii kila siku?"

"Hii ni ya watoto, Bosi. Ya upasuaji iko chini yake."

Kola aligeuza uso pembeni, akameza, lakini ncha ya shuka hakuiachia. "Haya," alisema kwa sauti ya mtu anayepumulia mdomoni. "Inua."